Mgeni Kwenye Diski Ndogo

Kitendawili: nyumba imejaa watu, hodi inapigwa, hakuna anayeitikia. Hawajafa, hawajalala, si viziwi. Msiniambie kaburi, kaburi nililitaja mimi kabla yenu na halikuwa jibu. Mkishindwa nipeni mji, ila nipeni wa mbali, maana huu wetu ulishachukuliwa.

Mji wetu hauna jina. Zamani ulikuwa nalo, lakini Wakuu walilichukua wakasema wanakwenda kulitengeneza, na kila anayekwenda kuliulizia hurudi amesahau alichokwenda kuuliza. Jua halichomozi huku. Unakuja weupe tu, kama maji yaliyooshewa mchele, unaingia madirishani bila joto, na huo ndio tunaouita asubuhi. Asubuhi ya namna hiyo haina nguvu ya kumwamsha mtu. Anayeamsha watu ni kompyuta. Kila nyumba ina moja ukutani, na ndani ya kompyuta mna diski moja, kama kila shingo ilivyopewa kichwa kimoja; hakuna duka la diski ya pili, na wala hakuna la kichwa cha pili. Ndani ya diski unakaa mfumo. Huo mfumo ndio unaofungua milango, unaoita maji bombani, unaowasha taa, unaokumbuka nani ni nani ndani ya nyumba. Mfumo usipoamka, nyumba haiamki. Mnabaki vitandani macho wazi, kama samaki sokoni.

Mfumo wetu tulimwita Mwenyeji, kwa kuwa alikuwamo kabla ya yeyote kukumbuka. Alikuwa mzito. Ukimwambia afungue mlango, hujikohoza kwanza, kama mzee anayetafuta viatu chini ya kitanda. Lakini sauti yake ilikuwa ya binti yangu Raya. Raya alipojua kwamba hatauvuka msimu ule, alijiburuta mbele ya kompyuta akamtegea Mwenyeji vitendawili, kimoja baada ya kingine, mpaka pumzi ikamwishia. Tukamzika. Kesho yake, weupe ulipoingia, akatuamsha.

“Kitendawili!”

“Tega!” tukaitikia mimi na mjukuu wangu, na udongo wa kaburi bado umo kwenye kucha zetu.

“Nina mbuzi wangu. Nikimfunga anatembea, nikimfungua analala.”

Nilijua ni viatu. Sikusema. Nilimpa mji, nikampa na mwingine, nikampa miji ambayo sijawahi kuikanyaga, ili aendelee kusema. Ndivyo tulivyoamka tangu hapo. Mtu akiniuliza kama sauti ni mtu, namwuliza na yeye: je, mtu ni nini, ukimwondolea anayemsikia?

Mjukuu wangu anaitwa Mwanamvua. Ni binti wa Raya, mtu mzima sasa, mkunga katika nyumba ya uzazi iliyo mwisho wa barabara. Naiita mwisho wa barabara, ingawa barabara zetu hazina mwisho. Unatembea mpaka unachoka, na ulipochokea ndipo mwisho wake. Siku moja Mwanamvua alirudi mapema, mkoba begani, uso umemshuka.

“Bibi, mlango wa wodi umenikataa.”

“Umekukataa vipi? Mlango una mdomo?”

“Sasa unao. Umeniambia, ‘Wewe bado umelala. Rudi nyumbani ukaamke.’”

“Nawe ukaujibuje?”

“Nikauambia kuna mama ndani analia kwa uchungu, namsikia. Ukasema hata hicho kilio nakiota.”

Ndipo tukajua kwamba amri imetoka. Wakuu wameleta mfumo mpya, na aliyeamshwa na mfumo wa zamani anahesabiwa kuwa hajaamka. Maneno yake ni ndoto, mikono yake ni ndoto, njaa yake nayo ni ndoto. Mnaona ujanja wa wenye nguvu? Hawakutukataza kitu. Walisema tu kwamba hatupo macho. Na mtu aliyeambiwa amelala atathibitishaje kwamba yu macho? Akipiga kelele, wataambizana: anaweweseka.

“Basi mlete huyo mpya,” nikasema.

“Diski ndogo, Bibi. Tukimweka mpya peke yake, mama anafutika.”

Alisema neno mama polepole, kama mtu anayetua kitu cha kioo.

“Na wakikaa wote wawili?”

“Inawezekana. Diski inagawanywa, huyu huku, yule kule. Asubuhi unachagua akuamshe nani. Ila watabanana sana.”

“Mke mwenzangu we! Mimi na wewe hatukukaa ukewenza humuhumu babu yako alipokuwa hai? Tuliuana?”

“Wewe ulikuwa unaninyima mapaja ya kuku.”

“Mapaja ni ya mke mkubwa. Ungenisubiri nife.”

Akacheka. Nami nikacheka. Kicheko kilizunguka chumba kikakuta hakuna pa kukaa, kikatoka.

Siku ya kazi yenyewe Mwanamvua alichomeka kijiti kidogo chenye mfumo mpya ubavuni mwa kompyuta, na kioo kikageuka rangi ya maziwa yaliyochacha. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza, mtu akapita dirishani akimwita: jirani ameshikwa na uchungu, hawezi kunyanyuka. Mkunga hata akiambiwa amelala, mikono yake haijui. Alivuta kanga, akashika mkoba.

“Bibi, mimi nakimbia. Itakuuliza maswali mawili matatu. Ijibu tu kama unavyomjibu mtu aliyekuja kwako na mizigo.”

“Kwa adabu?”

“Kwa adabu, Bibi.”

Akaenda.

Sikumbuki kuingia. Nilikuwa kwenye kigoda mbele ya kioo, nasikiliza diski inavyozunguka, sauti ya mtu anayesaga nafaka chumba cha tatu, mara nikawa nimesimama juu ya sakafu ya duara inayokwenda bila kuondoka. Sakafu ile ilikuwa kama sinia kubwa, na vyumba vimepangwa juu yake kwa mizingo, mzingo ndani ya mzingo. Katika mzingo wa nje nilikuwa bibi, nyonga zinaniuma. Nikavuka wa pili nikawa mama, kifua kimejaa maziwa, na pembeni mtoto analia jina nisilolikamata. Nikavuka wa tatu nikawa msichana mwenye magoti ya vumbi, sina habari ya kufiwa. Katikati kabisa palikuwa na tundu, ndilo linalozungukwa na vyote, na ndani ya tundu hamna mtu. Nikajiuliza, basi hivi ndivyo ulivyo umri? Tunasema tumekwenda, kumbe tumezunguka. Tunasema tumefika, kumbe tumesogea mzingo mmoja tu kutoka kwenye lile tundu, au kulielekea, na anayezunguka hawezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Nikaogopa. Nikarudi upesi kwenye nyonga zangu zinazouma, kwa kuwa hizo nazijua.

Huko nikamkuta Mwenyeji. Alikuwa ameinama anakunja mikeka, na kiuno chake kilikuwa kiuno changu. Alipoinua kichwa nikaona uso wangu, ila mdomo ulikuwa wa Raya.

“Anakuja?” akauliza.

“Anakuja.”

“Na mizigo?”

“Mingi kuliko nyumba.”

“Haya. Nikunje nini?”

Tukaanza kukunja. Alikunja harufu ya mvua ya kwanza. Alikunja nyimbo za kuchezea mwari, zikawa ndogo kama vitambaa vya mkononi. Alikunja majina ya watu waliowahi kulala katika nyumba ile, akayabana pamoja mpaka huwezi kutofautisha shangazi na mpita njia. Kila kilichokunjwa kilipoteza kidogo: rangi hapa, pindo pale. Nikamwomba vitendawili asivikunje.

“Havikunjiki,” akasema. “Ukikunja kitendawili kinabaki jibu.”

Mgeni akaingia hapo. Alivaa shati safi lisilo na mkunjo, na uso wake ulikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa jana: husemi ni mbaya, unangoja tu atokee mtu wa kuuandika. Nyuma yake yalikuja makasha, na nyuma ya makasha mengine.

“Hili kasha la nini?” nikamwuliza.

“Mahitaji.”

“Na lile?”

“Mahitaji ya mahitaji.”

“Na wewe mwenyewe uko kasha gani?”

“Mimi ndiye ninayehitaji,” akasema, bila kucheka.

Alichora mstari wa majivu sakafuni, sawasawa kabisa, ukapita katikati ya mizingo yote, ukakata ubibi wangu na umama wangu na magoti yangu ya vumbi. Upande wake ulikuwa mkubwa. Mwenyeji akajisogeza, akajisogeza tena, mgongo ukagusa ukuta, akakaa hapo magoti kidevuni, na vitendawili amevikumbatia mapajani.

Ndipo Mgeni akauliza, kwa upole: “Ufunguo wa mlango ukae kwa nani?”

Nyumba ninayotoka mimi mgeni halazwi penye joto tu akaachwa. Usiku wa kwanza ufunguo wa mlango mkubwa huwekwa chini ya mto wake. Ndivyo alivyofanya mama yangu, na mama wa mama yangu. Maana yake: hukufungiwa, si mateka, ukitaka kwenda unakwenda na ukitaka kukaa umekaa kwa hiari yako. Mwenye nyumba hulala ndani, chumba cha nyuma, bila ufunguo, na anayejua adabu halali macho. Nimewalaza hivyo wauza chumvi, mashemeji wakorofi, na mtu mmoja ambaye baadaye tuliambiwa ameua. Wote waliamka wakaurudisha ufunguo mkononi kwangu na neno la shukrani.

Nikamtazama Mwenyeji. Aliukaza mdomo wa Raya, akanitazama sana. Mwenyeji habishani na mwenziwe mbele ya mgeni. Hilo nalo ni adabu yetu.

“Ukae kwa mgeni,” nikasema.

“Una hakika?”

“Mgeni haulizi mara mbili. Chukua.”

Mwanamvua aliporudi alikuta kioo kimetulia. Kanga yake ilikuwa na damu, uso una nuru. Mtoto wa jirani alikuwa wa kike. Aliniuliza kama kazi imekwisha, nikamwambia imekwisha salama. Tukala, tukalala.

Weupe ulipoingia hapakuwa na kitendawili.

“Habari za asubuhi,” ikasema sauti safi, isiyo ya mwanamke wala mwanamume, isiyotoka kwenye koo lolote. “Mimi ndiye niwaamshaye. Wewe ni nani?”

“Mimi?”

“Ndiyo. Jina lako halimo.”

Nililala kwenye kitanda nilichozalia, ndani ya kuta nilizozikandika kwa mikono hii, nikaulizwa na mgeni mimi ni nani. Nikajaribu kumpa nafasi, pengine hajazoea.

“Kitendawili!” nikamwambia.

“Amri hiyo siijui.”

“Hapo unasema tega.”

“Amri hiyo siijui.”

“Basi umeshindwa. Nipe mji.”

Akawa kama mtu anayepekua mifuko.

“Mji upo,” akasema. “Umeshasajiliwa.”

Mwanamvua alikuwa ameketi kitandani, shuka kifuani.

“Bibi. Jana ilikuuliza nini?”

“Ufunguo ukae kwa nani.”

“Ukasema?”

“Kwa mgeni. Kwani nyie watoto wa siku hizi mgeni mnamlaza wapi, bandani kwa mbuzi?”

Aliufunika uso kwa shuka. Mabega yalitikisika, na nilivyo mpumbavu nikadhani anacheka.

Baadaye alinieleza. Mwenye ufunguo ndiye anayeamshwa kwanza, na aliyeamshwa kwanza ndiye anayewaita wengine. Ufunguo ungebaki kwa Mwenyeji, yeye angeamka, angetuuliza: leo niwaamshe mimi au nimwite mgeni? Lakini Mgeni anawajua wa kwao tu. Haulizi, kwa sababu kwake hapana wa kumwulizia.

Tukamwita fundi, Mbarouk, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya sikio. Mlango ulimfungulia mara moja. Yeye alikuwa macho kwa hesabu ya Wakuu tangu zamani. Alisikiliza kisa chote, akatikisa kichwa.

“Bi mkubwa, umemfanyia mgeni makubwa ambayo mimi mkwe wangu sijamfanyia.”

“Mkweo ningemjua ningemwonea huruma. Fanya kazi.”

Akaweka sikio kwenye kompyuta, akafumba macho.

“Yumo,” akasema. “Anahema.”

Moyo wangu uliruka kama wa msichana. “Mwite!”

“Siiti mimi. Anaita mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo hajui kama kuna mtu.”

“Mwambie basi.”

“Nimemwambia, bi mkubwa. Ametazama ng'ambo ya mstari, ameona maandishi asiyoyasoma. Na huyu, asichokisoma anakiita kitupu.”

“Mpokonye ufunguo.”

Mbarouk alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, ikazidi kuchafuka.

“Kwenye diski kubwa ningempokonya. Hapa wamebanana bega kwa bega. Nikivuta mkono wa huyu, wa yule unang'oka. Labda binti yako atatoka mzima. Labda asitoke mtu, na nyumba isiamke tena. Niseme kweli, hata mimi sijui.”

“Angekuwa wako ungefanyaje?”

“Wangu nilimfuta mapema. Naamka vizuri sana sasa, milango yote inafunguka.” Akavaa miwani. “Ila siamki na hamu ya kitu.”

Nikamwambia asiguse. Mwanamvua hakupinga. Yumo, anahema, mtu akijua hivyo ataletaje kisu?

Siku zilizofuata, kama ni siku, nilikaa mbele ya kompyuta nikifikiri juu ya aliyepo na asiyeitwa. Jiwe halihitaji kuitwa, lipo. Mti haungoji jina. Lakini mtu ni wa ajabu, mtu huanza siku anapoitwa. Kabla mama hajasema “wewe” hapakuwa na mimi. Basi asiyeitwa tena anakwisha? Au anabaki nyuma ya mstari magoti kidevuni, amekumbatia alivyonavyo, anangoja, na kungoja kwenyewe ndiko kuwapo kwake? Nikamwazia Raya kaburini na Raya ndani ya diski, nikashindwa kusema yupi amezikwa zaidi. Wa kaburini hangoji. Halafu wazo jingine likaja lenye meno: Wakuu kule Juu nao wana Mkuu wao anayewaamsha, au wao huamka wenyewe? Na kama kuna anayewaamsha, ufunguo wake uko chini ya mto wa nani? Huenda sote ni wenyeji tuliosogea na kusogea, na aliyetuandikia dunia hii anatutazama anaona maandishi asiyoyasoma, anasema: patupu. Nilisikia kizunguzungu. Nilishika kigoda kwa mikono miwili. Raya alikuja akanipa maji, akaniambia, Bibi, kunywa. Nikanywa, na kikombe kilipokwisha alikuwa Mwanamvua.

Mwanamvua alikuwa amerudi kazini. Wodi ilimfungulia. “Karibu, uliyeamka,” mlango ulimwambia, naye alinisimulia akiuiga, tukajitahidi kucheka.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikumpa. Alijiletea. Alfajiri ya tatu, kabla ya kuwasha taa, akasema:

“Nyuma ya mstari kuna kiwanja kitupu. Nakihitaji. Nikifute nikitumie?”

Kiooni yakatokea maneno mawili, Ndiyo na Hapana, yamekaa kama mayai kwenye kiota.

Nikayakodolea macho.

“Usipojibu,” akasema, “kimya nitakihesabu kuwa ndiyo.”

Hilo mwenyewe nalijua. Kwetu mwari huulizwa na kadhi kama ameridhia kuolewa, na akinyamaza wanaume wanasema ameridhia. Nililia machozi mengi ndani ya kimya changu siku ile, na nje wakapiga vigelegele. Nikainuka kitandani kama niliyechomwa.

“Hapana!”

“Sawa,” akasema, na taa ikawaka.

Kesho yake akauliza tena, maneno yaleyale, upole uleule. Na keshokutwa. Hakukasirika, hakuchoka, hakukumbuka kwamba amekwisha kujibiwa. Sasa nikaelewa nguvu inakaa wapi. Si kwa anayelazimisha. Anayelazimisha hutoka jasho, na mwenye jasho ipo siku atakaa chini. Nguvu ni ya anayeweza kuuliza jambo lilelile kila asubuhi bila kuzeeka, kwa mtu ambaye kila asubuhi amezeeka kidogo.

Nikawa silali vizuri. Nilijifunga mshipi wa kanga kwenye mguu wa kitanda ili nikijigeuza uniamshe kabla yake. Nikiwahi, nakaa kwenye kigoda, nangoja aulize, nasema hapana, siku inaanza. Kazi yangu yote duniani ikawa neno moja.

Mgeni akazidi kunenepa. Kila alfajiri mahitaji yake yalileta mahitaji, na upande wake ukajaa, akaanza kuchelewa. Weupe uliingia, taa bado. Maji yalikuja Mwanamvua ameshakata tamaa ya kunawa. Mlango wetu ulimzuia ndani akigonga kwa viganja.

Jioni moja aliingia akaenda moja kwa moja kwenye beseni, akanawa mikono, akainawa tena.

“Leo mtoto kazaliwa kizingitini mwa wodi,” akasema bila kugeuka. “Mgeni kachelewa kuamka, nami nikachelewa kutoka.”

“Mzima?”

“Mtoto mzima.”

“Na mama yake?”

Aliendelea kunawa. Maji yalikuwa safi, aliendelea kunawa.

“Mpe kiwanja, Bibi.”

“Ni mama yako yule.”

“Ni mama yangu nisiyemsikia.”

“Kaburini unamsikia? Mbona hujaenda kulima mihogo juu ya kaburi?”

“Kaburi halizuii mlango, Bibi!” Sauti yake ilipasuka. Akaketi sakafuni, mgongo kwenye beseni. “Nilipofika, yule mama alinishika mkono. Alikuwa anasema, mkunga usiniache. Na saa ya kumwokoa mimi nilikuwa upande huu, nagonga mlango wa nyumba yetu wenyewe.”

Nilimshika kichwa nikakiweka mapajani, kichwa kizito cha mtu mzima, nikamkuna mistari ya nywele kama zamani. Nani kati ya mama wale wawili anastahili mlango? Aliyekufa akisema, au aliyekufa akishika mkono? Nilikitega kitendawili hicho kwa Mungu. Naye, kama Mgeni, hakusema tega.

“Jibu unalo wewe,” Mwanamvua akasema chini chini. “Mimi sitakupokonya. Lakini usiniambie halina bei.”

Hayo hayakuwa mabaya kuliko yote. Baya lilikuja kimya. Siku moja nilijaribu kujikumbusha sauti ya Raya. Nikachukua kitendawili cha mbuzi, nikamtaka akiseme kichwani mwangu: nina mbuzi wangu. Maneno yakaja, yamepangika, safi. Lakini yalisemwa na sauti isiyotoka kwenye koo lolote. Nikajaribu kingine, ikawa ileile. Nikamwuliza kila mtu wa ndani yangu, bibi, mama, msichana wa magoti ya vumbi: nani anaikumbuka? Kila mmoja alitazama pembeni. Basi Mgeni amevuka mstari, si ule wa diski, wangu. Nalinda nini mimi? Kila asubuhi nakataa jambo kwa ajili ya sauti nisiyoijua tena, na huenda kule nyuma mikono imeshalegea, na kweli patupu. Lakini nilisema hapana siku ile pia. Neno lilitoka lenyewe, kama mguu unaojua njia ya kisimani hata kisima kikikauka.

Asubuhi ya leo miguu imekataa. Weupe umeingia, taa imechelewa, nami nimelala ubavu, upande mmoja wa mwili ni wangu na mwingine ni wa mtu nisiyemjua. Mshipi umenivuta, nimeamka, lakini kigoda kiko mbali kama nchi nyingine. Kwa uwazi wa mlango wa chumba namwona Mwanamvua amesimama mbele ya kompyuta, mkoba begani, kanga imekwishafungwa. Anangoja mlango wa nje umfungukie. Huko mbele kuna mtu anamngoja, maana kuna mtu anamngoja kila siku.

“Nyuma ya mstari kuna kiwanja kitupu,” Mgeni akasema. “Nakihitaji. Nikifute nikitumie?”

Nikafungua mdomo. Ulimi ulijaa kinywa chote, kama mkate uliolowa, ukakataa kuinuka. Nikagonga ukingo wa kitanda kwa kidole, lakini kidole hakikutoa sauti. Mwanamvua aligeuka akanitazama. Aliona. Ni mkunga, anazijua dalili za mwili unaoaga upande mmoja. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa wafu wawili, wa zamani na wa majuzi.

Kimya kikaanza kuhesabiwa. Nilikuwa nakisikia kinavyojaa, kama ndoo chini ya bomba. Sikumwomba kwa macho. Niliyafumba, ili asijibu kwa ajili yangu.

Nikasikia mkoba ukitua sakafuni.

“Hapana,” akasema Mwanamvua.

“Sawa, Mwanamvua,” Mgeni akasema. “Kesho nitakuuliza wewe.”